Skrubu Ndefu Hukaa Kushoto

Wiki jana niliwaacha pabaya. Duka langu la kuchonga mihuri lilikuwa limefungwa baada ya miaka kumi na tisa, kwa sababu ofisi zote siku hizi zinasaini kwenye kioo. Kengele ya mama mwenye nyumba niliyoitengeneza ilikuwa inalia yenyewe kila mtu akiwasha taa ya choo. Na mimi, badala ya kujificha, nilikuwa nimemtangazia mke wangu kwamba sasa mimi ni fundi wa simu.

Ambao hamkusoma, hamjapitwa na kitu ila aibu yangu. Msijali, haijaisha. Mtaikuta hapa hapa.

Ufundi nilijifunza wapi? Mtandaoni, wapi kwingine! Chuo kinataka cheti, barua na umri. Mtandao unataka kidole tu.

Na msidhani nilifuata kila anayejitokeza na bisibisi mkononi. Ujinga wangu una kanuni. Kanuni yenyewe ilikuwa hii: simwamini mwalimu mpaka nimemkuta kwenye mitandao mitatu. Akiwa kwenye mmoja, huyo ni mtu na simu yake. Akiwa kwenye miwili, ana bidii. Akiwa kwenye mitatu, basi huyo ni mwalimu, maana mashahidi watatu hata mahakamani wanatosha.

Profesa Bisibisi alikuwa kwenye mitatu.

Mtandao wa kwanza alikuwa na video ndefu, za kukaa na chai. Wa pili alikuwa na vipande vya dakika moja. Wa tatu alijibu maswali ya wanafunzi. Sura ile ile, sauti ile ile, fulana ile ile nyeusi iliyoandikwa KAZA POLEPOLE kifuani. Na juu ya kila ukurasa kulikuwa na onyo: "Jihadharini na matapeli wanaoiga ukurasa huu." Nikasema, mtu anayewaonya watu kwenye kurasa tatu nzima, huyo kweli anawaonea uchungu wanafunzi wake.

"Huyo Profesa wako amewahi kukujibu?" mke wangu akaniuliza.

"Alibonyeza moyo kwenye swali langu."

"Swali lilikuwa nini?"

"Nilimuuliza kama skrubu zote ni sawa."

"Akabonyeza moyo."

"Eeh."

"Basi umejibiwa, mume wangu. Hongera."

Sikumjali. Wiki ya tatu nikafungua ukurasa wangu mwenyewe, nifundishe na wengine, elimu isiniozee kichwani. Nikapata wafuasi kumi na mmoja, na katika hao watatu ni mke wangu kwa majina tofauti, alisema ananionea huruma. Video yangu ya kwanza ilikuwa na kichwa: "Kwa nini usimpe simu yako fundi wa chini ya ngazi." Nilisema humo kwamba wazee wale wanabahatisha, hawasomi, hawafuati dunia inakokwenda. Ikumbukeni hiyo video. Mimi niliisahau, wenzangu hawakuisahau.

Siku ya pili yake Dada akaja.

Dada ni mtoto wa kwanza, mimi ni wa mwisho. Mama aliniita Kitinda, na nyumba nzima ikafuata. Dada anapiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, mashuka kuanzia asubuhi mpaka miguu inavimba. Na kila asubuhi, kabla hajashika pasi, anasikiliza ujumbe mmoja wa Mama.

Mama hakuwa mtu wa kuandika. Alirekodi sauti. "Mwanangu, umeamka? Umekula? Usisimame sana leo." Kila siku hivyo hivyo, mpaka alipofariki. Simu ya Mama mwenyewe ilipotelea hospitali, kwa hiyo sauti hizo zimebaki sehemu moja tu duniani, kwenye simu ya Dada. Mia nne na kumi na mbili. Mama hayupo mwaka wa pili huu, lakini kila asubuhi bado anamuuliza Dada kama amekula.

Mimi sina hata moja.

Na hapa niwaambie jambo ambalo sijawahi kuliandika. Mama alilazwa siku kumi na nane za mwisho. Siku ya kwanza tu Dada alinipigia akasema, "Mama amesema usije." Nikauliza kwa nini. "Amesema usije, Kitinda." Nikanuna. Mimi nikinuna nanuna kweli. Nikasema na nisiende basi, nione nani ataumia. Siku ya kumi na tisa nikajua. Mpaka leo sijui nilimkosea nini mama yangu, na Dada nikimuuliza anabadilisha maneno.

Haya, turudi kwenye vichekesho.

Dada aliweka simu yake mezani kwangu, juu ya kitambaa, kama anamlaza mtoto.

"Haishiki chaji. Nikiikunja waya hivi inashika, nikiiachia inaacha."

"Tundu limechoka," nikasema kwa sauti ya Profesa. "Kazi ya nusu saa."

"Mafundi wote wanataka niiache kwao mpaka kesho. Siwezi kumwacha Mama kwa watu nisiowajua."

"Si ungezihifadhi mtandaoni, Dada? Zinakaa huko salama."

"Huko nako kwa nani?" Akanikazia macho. "Nakupa wewe kwa sababu wewe ni damu yangu. Ukishindwa sema umeshindwa, unirudishie ilivyo. Umesikia?"

"Dada, mimi nimesoma kwenye mitandao mitatu."

"Nimekuuliza, umesikia?"

"Nimesikia."

Akaondoka, akageuka mlangoni, akaitazama tena. Hakuwa ananitazama mimi. Simu.

Kufungua nilifuata video ndefu ya mtandao wa kwanza. Na niwaambie ukweli, ilikwenda vizuri mpaka nikaanza kujipenda. Kioo kikatoka. Kile kibati kinachofunika nyaya kikatoka, skrubu zake nne nikazipanga mezani. Tatu fupi, moja ndefu, tofauti yake ni unene wa ukucha. Nikabadilisha tundu la chaji, nikachomeka waya.

Ikashika! Asilimia moja. Mbili. Saba. Nilimwita mke wangu aje aone. Akaja, akaona, akasema, "Kumbe." Kwa mke wangu hilo ni shairi.

Kama ningekufa saa ile, ningezikwa nikiwa fundi.

Sasa kufunga. Skrubu ndefu nilikuwa nimeichanganya na fupi wakati nacheza mdundiko wa furaha kuizunguka meza, sikujua tena ilitoka tundu lipi, kwa hiyo nikarudi kwa Profesa. Na Profesa, kwenye video ndefu, mwishoni kabisa akasema: "Kufunga tutaona sehemu ya pili, wiki ijayo." Wiki ijayo! Mtu ana simu wazi mezani na wewe unamwambia wiki ijayo. Watu wanaokatisha hadithi pale pale inapokolea nawachukia sana, na ninyi mnaonisoma kila wiki mtanielewa.

Nikakimbilia mtandao wa pili. Huko kufunga kulikuwepo, dakika moja kasoro. Nikaangalia mara sita. Profesa anakionyesha kibati kwa karibu, anasema, "Ndefu inakaa hapa." Kulia, juu. Nikahakikisha mtandao wa tatu: kulia, juu. Mashahidi wawili wamekubaliana. Nikaitia ndefu kulia juu. Ikawa ngumu kidogo kuingia. Nikakumbuka fulana ya Profesa, nikakaza polepole.

Ikalia tik, sauti ndogo hivi, kama mtu anavunja punje ya mchele.

Nikabonyeza kitufe cha kuwasha. Kimya. Nikachomeka chaji. Kimya. Nikaitikisa, nikaipuliza, nikaisemesha. Kimya kabisa.

Nilikaa pale nikaanza kutokwa jasho mpaka kwenye magoti. Nilikuwa nimemzima Mama.

Mwanamume mwenye akili angempigia dada yake papo hapo. Mimi nikadanganya siku nne.

Dada alikuwa anapiga kwa simu ya mezani ya hoteli, kila asubuhi kabla ya pasi.

"Imekuwaje?"

"Spea iko njiani, Dada."

Kesho yake: "Imekuwaje?"

"Bado iko njiani."

Siku ya nne hakuuliza. Alisema tu, "Leo nimeunguza shuka mbili. Sijawahi kuunguza shuka," halafu akakata.

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu na ufagio. "Hiyo spea," akasema, "inakuja kwa miguu?"

"Nifanyeje?"

"Nenda kwa Mzee Miwani."

Mzee Miwani ni fundi wa chini ya ngazi. Si ngazi yoyote tu, ngazi za jengo lile lile nililokuwa na duka langu la mihuri. Miaka kumi na tisa nimempita asubuhi na jioni, na yeye hakuinua kichwa kutoka kwenye kioo chake cha kukuzia. Ndiye niliyekuwa namfikiria niliporekodi ile video.

Nikajikaza, nikaenda. Alikuwa na meza ndogo, taa, kibano, na miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Hakuinua kichwa. "Wewe ndiye yule uliyesema tunabahatisha?"

Nikanywea.

"Niliiona," akasema. "Ulizungumza vizuri, ila taa yako ilikuwa inakupiga machoni. Nikabonyeza moyo."

Kumbe katika wafuasi wangu kumi na mmoja, mmoja alikuwa mwanafunzi wangu huyu.

Akaifungua simu ya Dada kwa muda wa mtu kumenya chungwa. Akateremsha miwani ya kwenye paji, akatazama, akashusha pumzi.

"Skrubu ndefu umeiweka wapi?"

"Kulia juu."

"Hukaa kushoto. Hapa kulia chini yake kuna njia za umeme, nyembamba kuliko unywele. Umezitoboa."

"Haiwezekani! Nimefundishwa na Profesa Bisibisi. Nimehakikisha mitandao miwili. Tazama mwenyewe." Nikamtolea simu yangu. Nilikuwa na hasira za mtu aliyeonewa.

Akaitazama video yote. Halafu akasema, "Fulana yake imeandikwa nini?"

"Kaza polepole."

"Umesoma wewe?"

"Si hayo hapo, makubwa namna hiyo?"

"Mimi siwezi kusoma."

Nikaona nimempata. Nikasema kwa upole, upole ule wa kuudhi, "Si kosa lako, mzee. Wengi wa rika lenu hamkupata nafasi ya shule."

Akachukua kioo kidogo, kile anachochungulia chini ya bodi ya simu, akakisimamisha mbele ya simu yangu. Kwenye kioo Profesa akahamia upande wa pili. Saa yake ikatoka mkono wa kulia ikaenda wa kushoto. Skrubu ndefu ikaruka kutoka kulia ikakaa kushoto.

"Sasa ndiyo naweza kusoma," Mzee Miwani akasema. "Kaza polepole. Hizi video zimeibwa. Wezi huzigeuza ili mtandao usizitambue. Herufi zote zinakaa kinyume, hata mtoto anaona. Wewe hukuona?"

Sikuona. Wasomaji wangu, nilichonga mihuri miaka kumi na tisa. Muhuri unachongwa kinyume ili ugonge sawa. Nimekula, nimeoa na nimelipa kodi kwa kusoma herufi zilizogeuka. Macho yangu hayajui tena herufi iliyogeuka na iliyonyooka, yanasoma tu zote. Watu wote duniani wangeishtukia fulana ile kwa sekunde moja. Mtu pekee ambaye wezi wale wangeweza kumpata kabisa, mia kwa mia, ni mimi.

Na mashahidi wangu watatu? Mmoja Profesa, wawili wezi. Lile onyo la matapeli nalo walikuwa wameliiba.

"Inapona?" nikauliza. Nikamweleza habari za Dada na sauti za Mama.

"Naweza kuruka palipotoboka kwa uzi wa shaba. Ikiwaka, sijui itakaa dakika ngapi. Ikiwaka tu, tuzitoe sauti ziende kwenye kompyuta. Lakini nataka neno la siri la kuifungua."

"Sina."

"Nani analo?"

Alijua nani analo. Alitaka niseme.

Nikampigia hotelini. Dada alikuja na nguo zake za kazi, zinanukia wanga wa mashuka. Nilimweleza yote, pale chini ya ngazi, watu wakipanda na kushuka juu ya vichwa vyetu. Skrubu, fulana, muhuri, siku nne za uongo. Nilingoja anitukane. Afadhali angenitukana.

"Spea ilikuwa njiani," akasema.

"Nisamehe, Dada."

"Nilikuuliza umesikia. Ukasema umesikia."

Akaketi kwenye kigoda, mkoba magotini, akamtazama Mzee Miwani akifanya kazi. Kabla ya adhuhuri uzi ukashika. Kioo kikawaka, hafifu. Dada akaruka kwenye kigoda, akafungua kwa kidole. Zilikuwepo! Zote! Nilimshika mkono, naye hakuutoa.

Mzee Miwani akasoma kwa sauti. "Mia nne na kumi na tatu."

"Na mbili," nikasema. "Dada huwa anasema kumi na mbili. Umehesabu vibaya, Dada."

"Sikuhesabu vibaya."

Akautoa mkono.

"Fanyeni haraka," Mzee Miwani akasema, ameinama anatafuta waya wa kompyuta. "Bodi inapata joto. Nianze na ipi?"

"Ya mwisho," Dada akasema.

"Kwa nini ya mwisho?" nikauliza. "Anza na zako za mwanzo, ndizo unazo—"

"Zangu zitangoja. Hiyo ni amana." Alikuwa ananiangalia sasa, na macho yake yalikuwa yamejaa. "Hiyo si yangu, Kitinda. Ni yako. Alirekodi hospitali, mimi nikiwa nimemshikia simu. Akaniambia nikupe siku utakapomaliza jambo moja uliloanza mwenyewe. Lolote. Mwaka wa pili huu nakungoja umalize kitu."

Nikasogeza kichwa karibu na simu.

Dada akanyoosha kidole amwonyeshe fundi ni ipi. Kidole kikagusa. Ikaanza kusema.

"Kitinda wangu." Mama! Mama mwenyewe, na kikohozi chake kidogo mwanzoni. "Najua umenuna. Ukishasikia hii, dada yako atakuwa ameona umemaliza kitu, alhamdulillahi, sikudhani." Akacheka. Nikacheka na mimi, machozi yananitiririka kama mtoto. "Sikiliza, mwanangu. Nilikukataza usije si kwa sababu hiyo unayoifikiria. Hukunikosea chochote. Nilikukataza kwa sababu siku ile—"

Kioo kikazima.

Harufu ya kuungua ikapanda mezani, nyembamba, kali. Mzee Miwani akachomoa betri kwa kibano, akateremsha miwani.

"Dada," nikasema. "Siku ile nini? Wewe ulikuwepo. Ulimshikia simu. Alisemaje?"

Dada akasimama. Akajifuta uso kwa kiganja, akaning'iniza mkoba begani.

"Dada, niambie!"

"Zangu mia nne na kumi na mbili umezifungia humo," akasema, taratibu, kama anayekunja shuka. "Yako ninayo mimi, hapa kichwani, neno kwa neno. Siku nitakayoamka Mama akaniuliza kama nimekula, siku hiyo nitakwambia alichosema."

Akaondoka kwenda kwenye pasi yake.

Nikamgeukia Mzee Miwani. "Itawaka?"

"Sijui," akasema, bila kuinua kichwa. "Nishikie taa. Na hiyo simu yako izime, tazama mikono yangu."

Nikaizima. Nikashika taa, nikatazama mikono yake.